Nyumba Yenye Komeo Nje

Mtaa wote wa Mabawa, pale Tanga, hapakuwa na mtu asiyejua kwamba Fundi Uweso amepata kazi ya serikali. Asiyejua labda kiziwi, na hata kiziwi Uweso alimfuata akamwonyesha kwa mikono: milango, mirefu hivi, mipana hivi, ya mvule, na mwenye kuitaka ni serikali yenyewe. Alikuwa seremala hodari, hilo halipingwi, ila Mungu alimpa mikono ya watu wawili na mdomo wa watu saba.

Miaka ile Kenya ilikuwa inaungua. Ilitangazwa hali ya hatari, vijiji vikachomwa, watu wakazolewa kama taka. Waliojaaliwa miguu wakavuka mpaka, wakashuka hadi Tanga, wakajichanganya na watu wa mashamba ya mkonge. Mmoja wao ni Timotheo, Mkikuyu mpole aliyekuwa akimpigia randa Uweso na kupanga chumba cha uani kwake, yeye na mkewe Bertha na mtoto wao mchanga. Kaka yake Timotheo alichukuliwa na askari kule kwao, na tangu hapo hakuonekana hai wala maiti. Kwa hiyo Timotheo hakuwa na ombi kubwa duniani. Aliomba asirudishwe, basi.

Miaka miwili serikali haikuwaona watu hawa. Siku moja ikaamka na huruma. Ikamleta afisa mpya wa makazi ya wakimbizi, Mzungu ambaye jina lake liliwashinda watu kulitamka, wakamwita Bwana Karibu kwa sababu ndilo neno alilolijua kuliko yote. Alisimama juu ya meza pale Usagara, papo hapo Tanga, akawakusanya watu.

“Karibuni, ndugu zetu wakimbizi,” alisema. “Serikali itawapa nyumba, chakula, blanketi na mganga. Mgeni njoo, mwenyeji apone.”

Methali hiyo aliisoma kitabuni, na alivyoisema ungedhani kaitunga yeye. Watu walipiga makofi. Uweso alipiga zaidi ya wote, maana milango ilikuwa yake.

Nyumba zenyewe zilikuwa kambi kuukuu ya wakata mkonge, njia ya kwendea Muheza, iliyoachwa tangu wakata mkonge wenyewe walipoikataa. Kuta zilikuwa fito za mkonge zilizokandikwa udongo mwembamba, ukizikoholea zinadondoka. Hizo hazikuguswa. Fedha yote ilikwenda kwenye milango, kwa kuwa milango ilitazama barabara, na serikali ikipita kwa motokaa huona milango tu.

“Makomeo yote yatiwe nje, Fundi,” aliagiza Bwana Karibu.

“Nje, Bwana?”

“Nje. Kwa usalama wao.”

Uweso alirudi nyumbani akamsimulia mkewe. Mwatumu alikuwa juu ya mbuzi, anakuna nazi.

“Komeo likiwa nje, mtu akilala ajifungiaje?” aliuliza.

“Hajifungii. Hufungiwa.”

“Na nani?”

“Na serikali.”

Mwatumu akaacha kukuna. “Miye nijuacho kufungiwa kwa nje usiku ni kimoja tu, na hicho hutaga mayai.”

“Asiyejua maana haambiwi maana,” alisema Uweso. “Wazungu wana hesabu zao. Huenda ni kwa ajili ya upepo.”

Ingalikuwa ni kujenga tu, tungemsamehe. Lakini sifa ni ulevi. Bwana Karibu alimuuliza kama anamjua mkimbizi yeyote mwema, wa kuwa mfano kwa wenzake, na Uweso akaitikia hata kabla swali halijaisha. Jioni ile alimwita Timotheo barazani.

“Kesho twende kambini. Utapewa nyumba, kijana wangu, na mlango wake nimeuranda mwenyewe.”

“Fundi, mimi sitaki nyumba yao,” alisema Timotheo. “Nataka wasijue niko wapi.”

“Wakuite mgeni, wakupe blanketi, weye wakimbia? Au waudharau mlango wangu?”

Timotheo alitazama chini. Mtu huyu alimpokea alipofika na vumbi la njia nzima mwilini, na kwao mkubwa aliyekupokea humpingi. Bertha alilia huku akifunga sanduku. Asubuhi Uweso mwenyewe alisukuma mkokoteni wenye sanduku lao, akisimama kila baraza kuamkia watu ili aulizwe anakwenda wapi. Mwatumu hakuwasindikiza. Alimfunga Bertha kanga mpya mabegani, akamwambia, “Kwangu hapa hukufukuzwa. Ulijue hilo.”

Zikapita wiki. Uweso alikwenda kuwatazama na kikapu cha machungwa, akakuta hisani ya serikali imekamilika. Chakula kilikuwapo, unga wenye wadudu wengi kuliko unga. Blanketi lilikuwapo, moja kwa chumba, na halikuruhusiwa kukunjuliwa lisichafuke. Mganga naye alifika mara moja, akawatazama kutoka ndani ya gari, akasema wote wazima, akaondoka. Na jua halijazama bado, askari alipita chumba kwa chumba akisukuma makomeo, ta, ta, ta, kwa raha ya mtu anayefunga duka lake.

Timotheo alizungumza naye kupitia ufa wa mwimo wa mlango.

“Fundi, komeo lako zuri. Halitikisiki.”

“Ahsante, kijana wangu. Ukiona vyaelea, vimeundwa,” alijibu Uweso, akacheka. Alifika nusu ya njia ya kurudi ndipo lile neno likamfika. Akasimama barabarani na kikapu kitupu, uso umemwiva kwa aibu.

Kesho yake alikwenda kumwomba Bwana Karibu amrudishie msaidizi wake kazini.

“Mgeni hafanyi kazi, Fundi. Mgeni hukirimiwa.”

“Basi walau atoke aje kula kwangu.”

“Tayari amekula,” alisema Bwana Karibu, akamfungulia mlango atoke.

Tangu siku ile Uweso alinyamaza. Mabawa ikashangaa. Watu walimuuliza habari za milango ya serikali, naye akajibu kwamba milango ni milango. Usiku hakulala, na Mwatumu hakumwonea huruma.

“Weye ndiye uliyewapeleka,” alimwambia. “Wakirudishwa kwao wakafa, wamekufa kwa mkono wako, na mkono wako ndio huo uusifuo.”

Ndipo ikaja habari kwamba wakaguzi kutoka ng'ambo wanapita kutazama jinsi nchi inavyotunzwa. Kambi ikaingiwa na homa. Chokaa ikapakwa kuta za mbele. Mablanketi yakakunjuliwa kwa mara ya kwanza. Bwana Karibu akamwita Uweso haraka, jasho likimtoka.

“Makomeo yote yahamishwe ndani, Fundi, kabla ya kesho. Nyumba ya mgeni haifungwi kwa nje. Nani aliyeyatia nje?”

Uweso alimtazama, akaokota bisibisi yake.

Alifanya kazi kutwa, na askari mmoja nyuma yake. Askari naye alikuwa mtu wa maneno.

“Usiumize mgongo, Fundi,” alisema. “Ni ya kesho tu. Wakaguzi wakishakwenda, jioni linakuja lori. Wote hawa wanapelekwa mpakani, wakachukuliwe na wenyewe, serikali ya Kenya.”

Skrubu ikamponyoka Uweso. Timotheo alikuwa ameketi pembeni, Bertha anamnyonyesha mtoto. Wote wawili walikuwa wamesikia. Hawakumtazama askari, walimtazama yeye.

Hapo Uweso akafanya alilolijua maisha yake yote, akajisifu. Alijisifu kwa sauti ya kusikika vyumba vyote.

“Tazama komeo hili, Afande. Likifungwa kwa ndani, tembo hafungui. Mlango huu ni wa Uweso. Lakini ukuta huu wa nyuma,” akaugonga kwa kidole, udongo ukamwagika, “huu ni aibu. Huu hata mwana mbuzi angeutoboa kwa pembe, na wala usisikie.”

“Ee, maneno yako hayaishi,” alisema askari, akapiga miayo. Akaenda naye chumba cha pili, na huko Uweso akajisifu vilevile, na cha tatu, hadi cha mwisho.

Wakaguzi walifika mchana kweupe. Askari wote walipangwa mbele, vifungo vimesuguliwa, hakubaki hata mmoja wa kuangalia nyuma. Uweso alisimama ng'ambo ya barabara na watu wengine. Bwana Karibu akauendea mlango wa kwanza, tabasamu lote mdomoni, akausukuma. Mlango haukutikisika. Akausukuma kwa bega. Wakaguzi wakamtazama. Hakuwa na la kufanya ila kusema neno ambalo hakuwahi kulisema pale.

“Hodi,” alisema Bwana Karibu.

Kimya. Akaenda mlango wa pili, hodi. Wa tatu, hodi. Alitembea kambi nzima akibisha kama muuza samaki. Mwishowe akawageukia wakaguzi, akawaeleza kwamba wageni wake wamepumzika baada ya chakula, na kwamba serikali haipendi kuwasumbua. Mkuu wa wakaguzi alivutiwa sana. Alisema mahali pengi alipopita hakuona wakimbizi wakiheshimiwa namna hii, akampa mkono, wakaenda kunywa chai.

Lori lilipokuja, askari walizunguka nyuma. Kila chumba kilikuwa na tundu la kupita mtu na sanduku lake.

“Umefanya nini, Fundi?” aliuliza Bwana Karibu, akimfuata Uweso barabarani.

“Nimetia makomeo ndani, Bwana, kama ulivyoagiza. Yajaribu. Yote yamekaza. Kuta si kazi yangu.”

Alirudi Mabawa kwa mwendo wa bwana harusi. Ulimi ulikwisha kumrudia. Njiani alikuwa akiipanga hadithi, jinsi Uweso alivyoiangusha serikali kwa maneno matupu, na ataanza kumsimulia nani, na nani atafuata. Akafika kwake, akakuta mlango umefungwa, na jua halijatua bado. Akasukuma. Akabisha.

“Hodi.”

Ndani kitoto kililia kidogo, kikanyamazishwa. Uweso moyo ukamruka kwa furaha.

“Hodi, jamani.”

“Nani?” Ilikuwa sauti ya Mwatumu, nyuma tu ya ubao.

“Miye.”

“Weye nani?”

“Uweso. Mumeo. Mwenye nyumba.”

Akasikia minong'ono, ya Kikikuyu, na katikati yake jina lake likitajwa, mara moja, kisha tena. Alifungua kinywa awaambie habari ya ukuta, kwamba ni yeye, kwamba yale majisifu yalikuwa ya makusudi. Badala yake akaomba.

“Mwatumu, nifungulie basi.”

“Ngoja kwanza,” alisema mkewe, bila hasira. “Nawauliza wageni.”

Uweso akaketi barazani kwake, sanduku la zana magotini, akangoja.