Damu ya Maksai

Nyama ya harusi ya Esta haikuhitaji meno. Paskazia, ambaye yake yalikuwa yamebaki machache, aliiweka ulimini ikalegea yenyewe, mafuta yakiwa yamepenya hadi ndani. Wenzake waliisifu kwa sauti. Yeye alitafuna polepole kuliko alivyohitaji, asije akaombwa naye aseme neno.

Ng'ombe yule alitoka zizi la Melania, mama wa bibi harusi, jirani yake hapo Bugarama. Zizi hilo lilikuwa halimpi usingizi Paskazia. Wapita njia walikuwa wakisimama kulitazama dume changa la Melania, nundu yake imekaa sawasawa, ngozi inang'aa. Ndipo mwaka uliopita Paskazia alipoita mtu akamhasia dume lake mwenyewe. Akihasiwa, aliwaza, ataacha kukimbizana na majike, atanenepa, na hao wapita njia watajua pa kusimama. Kweli maksai alinenepa. Watu wakaendelea kusimama kwa Melania.

Hapo harusini Marselino, bwana mifugo, alimaliza sahani ya pili ndipo akauliza baba wa ng'ombe yule ni yupi.

"Malishoni wanachanganyika, bwana mifugo," Melania alijibu. "Mimi ningejuaje? Sikuwashikia taa."

Watu wakacheka. Marselino akafunga kipande cha nyama mbichi, wakadhani anampelekea mkewe. Kumbe kilikwenda kwa wataalamu wa kituo cha mifugo. Baada ya wiki kadhaa alirudi na wenzake kutoa damu shingoni mwa madume yote yaliyowahi kulishwa pamoja, ili wamjue baba wa ng'ombe yule.

"Shikamoo, Mama Mageni," Marselino alimwamkia Paskazia. "Na wako?"

"Marahaba. Wangu maksai. Ana habari gani tena?"

"Kuhasiwa hakubadilishi damu, mama. Wakati ule alikuwa dume."

Paskazia alimshika maksai pembe mwenyewe. Sindano ilipozama, alikuwa akiomba kimoyomoyo, na hakuwa na uhakika anaomba nini, ila jina la Melania lilikuwamo.

Majibu yalichelewa mpaka pamba ikachumwa. Marselino aliyatoa uani kwa Melania, mbele ya majirani: baba wa ng'ombe wa harusi, na wa lile dume changa pia, ni maksai wa Mama Mageni.

Wanawake wakapiga vigelegele. Paskazia akahisi utamu ukimpanda kifuani. Kumbe kila sifa iliyokuwa ikimchoma ilikuwa ya kwake.

"Tulitaka dume lililowazaa tulichukue kituoni, lipande majike ya ukanda mzima," Marselino akasema. "Sasa ndiyo hivyo. Kwani mama, ulimhasi kwa nini?"

"Alikuwa msumbufu."

Melania alimtazama usoni. Mtazamo ule ulimuuma Paskazia kuliko kama angesemwa. Wageni walikwisha kumpita kwa macho. Walikuwa wakilitazama dume changa.

Alikaa na jambo hilo kifuani, akimlisha maksai wake bila kumwita jina. Kisha mtamba aliyemnunua huko Nkome, asiye na udugu na ng'ombe yeyote wa hapo, akaanza kulia akitaka dume. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na madume mengine. Paskazia alimfunga kamba, akatoka naye, na penye njia panda akasimama muda mrefu. Mwishowe akageuka.

"Hodi, Mama Esta."

"Karibu. Naona umekuja na mgeni."

"Anatafuta dume."

Melania akashika kiuno. "Lile la kwako limezaa humu miaka yote bila kuleta hata jembe la mahari. Leo unaniletea na binti?"

"Ndiyo mahari yenyewe. Mwenye choyo asipokee."

"Choyo nani, Mama Mageni?"

Melania alicheka, akaondoa miti ya mlango wa zizi, mmoja mmoja, hana haraka. Dume changa lilisogea likitembea kwa mwendo ule ule wa baba yake, bega la kushoto likitangulia. Paskazia alinyoosha mkono alikwaruze shingoni. Likampita, likaenda kuinamisha kichwa kwa Melania.

"Akizaliwa ndama dume," Melania akauliza, vidole vyake vikiwa vimezama shingoni mwa dume lile, "utamfanyaje?"

Mtamba alikuwa akivuta. Paskazia alizungusha kamba mkononi mara moja zaidi, kisha, kidogo kidogo, akaanza kuilegeza.