Jirani Mwenye Macho

"Nakuuliza tena, Mzee Protais: nyumba yangu iko sinema?"

Gaudiose alikuwa upande wake wa ua wa minyaa, mikono kiunoni, beseni la sambaza, vidagaa vya ziwani, miguuni. Soko la Kamembe lingemngoja. Upande wa pili mzee alisimama na fimbo yake kama kila siku.

"Naangalia tu, Maman."

"Kuangalia ni mara moja. Muntu anapita, anaangalia, anaenda zake. Wewe uko hapo tangu asubuhi. Hiyo si kuangalia, ni kuvizia."

"Basi sema nachunga."

"Unachunga? Mimi ni mbuzi?"

Emerance wa ng'ambo ya njia, mwanamke asiyekosa ugomvi hata ukiwa wa kuku, alicheka mpaka akashika kizingiti. "Maman Gaudiose, shukuru. Wakubwa wa mjini wanalipa santinele awalinde, wewe umepata wa bure."

"Santinele wa kweli analala, Emerance. Huyu halali."

Njia nzima ikacheka. Gaudiose alicheka kwa meno tu, akajitwika beseni na kuondoka, mgongo ukimwasha mahali macho ya mzee yalipotua.

Gaudiose alizaliwa na kukulia Kadutu, Bukavu, na habari za ulinzi alikuwa amezijua kwa ngozi yake kabla ya kurudi hapa Mururu, nyumbani alikokuwa anakusikia tu midomoni mwa wazazi. Mlinzi ni yule wa dukani, mwenye rungu na usingizi. Askari wa doria anakuomba kitambulisho, kisha sigara. Mpelelezi hakuombi kitu. Anakusalimu vizuri, anaulizia batoto, na kesho yake wanakuja wengine. Mzee Protais alikuwa anasalimu vizuri mno.

Na ndani ya nyumba kulikuwa na Nzigire. Msichana wa Kishi, kabila la kule Bukavu, mke wa jirani yake wa zamani wa Kadutu. Vita vilipolipuka upya mwaka ule wa tisini na nane, watu wenye bunduki walimfuata mumewe kazini wakamchukua, na Nzigire akavuka mto Rusizi wa mpakani na mimba yake, bila karatasi yoyote. Kila mgeni alitakiwa kutajwa kwa nyumbakumi, mkuu wa nyumba kumi za jirani. Gaudiose hakumtaja. Aliogopa kwamba akimtaja leo, kesho watamrudisha darajani, na ng'ambo ya daraja wale waliomchukua mume walikuwa bado wanamuulizia mke. Kwa hiyo Nzigire alikwenda chooni na kurudi na kitenge kichwani, upesi, kama mwizi wa kuku.

Mzee mwenyewe nani alimjua? Alirudi kutoka kambi za wakimbizi za Kongo peke yake, na alichokiona huko, au alichokifanya, Emerance alikuwa na toleo lake kila wiki.

Ijumaa hiyo, akitoka sokoni, Gaudiose aliwakuta njiani: Protais na Hategekimana, nyumbakumi. Walikuwa wakinong'ona. Mzee alielekeza kidevu kwenye paa la nyumba ya Gaudiose. Walipomwona wakanyamaza, kisha wote wawili wakamsalimu kwa pamoja, vizuri.

"Funga nguo zako," alimwambia Nzigire alipoingia. "Jumapili, bantu bakiwa misani, unaenda Gashonga kwa shangazi yangu."

"Maman, sijui kama nitaweza kutembea mpaka huko."

"Utaweza."

Hakuweza. Uchungu ulimwanza Jumamosi kabla ya jogoo, na jua lilipopanda mtoto alikuwa bado, na damu ilikuwa imeanza kuja isivyo kawaida. Gaudiose alikimbia mpaka kwenye ua, akarudi. Kwenda kutafuta pikipiki ni kutangaza. Kukaa ni kumwua. Alikuwa bado kati ya mlango na kitanda aliposikia nyayo uani, nyayo nyingi, za wanaume.

Hategekimana alikuwa mbele. Nyuma yake wanne, na nyuma kabisa Mzee Protais na fimbo yake.

Gaudiose alinyakua mchi wa kutwangia majani ya sombe, akaziba mlango. "Hapa hakuna mgeni."

"Hatutafuti mgeni," nyumbakumi alisema. "Tumeambiwa kuna mzazi."

"Nani kawaambia?"

Wote walimtazama mzee. Ndipo alipoiona machela begani mwao, ya mianzi iliyosukwa. Kadutu alikokulia, muntu akibebwa hivyo amekwisha kufa.

"Hajakufa. Rudisheni hiyo."

"Maman," mmoja wa wabebaji alisema, "ni ingobyi, ya kubebea wagonjwa. Tulikuja mwaka jana kukuingiza kwenye chama cha kubebana, ukajifungia ndani."

Ni kweli. Alikuwa amedhani wanahesabu watu.

Mzee akasogea, lakini si karibu sana na mchi. "Wenzangu wana mabega. Mimi mgongo umekwisha, basi kazi yangu chamani ni macho. Naangalia nyumba yenye mgonjwa na nyumba yenye mimba, ili siku ikikaribia hawa wasiende mashamba ya mbali."

"Ungeniuliza."

"Ungemhamisha."

Mfuko wa Nzigire ulikuwa pale pale nyuma ya mlango, umefungwa. Gaudiose alishusha sauti. "Na nyumbakumi umemwambia ni nani?"

"Mke wa mtoto wa shangazi yako. Yule wa Gashonga."

Habari za shangazi alikuwa amezitaja mara moja tu, jana, ndani ya nyumba. Minyaa haizuii sauti. Hakujua ashukuru au ampige mchi. Nzigire alilia ndani, na kilio kile kikamwondoa mlangoni.

Walimlaza, wakamwinua, wakashuka mbio za kupokezana. Gaudiose alikimbia kando, mkono umeshika mti wa machela, macho yasibanduke kwa Hategekimana. Aliijua njia panda iliyokuwa mbele: kushoto kituo cha afya, kulia daraja la mpakani. Walipoifikia alikaza mkono, tayari kuvuta machela nzima chini kama ingebidi.

Wakakata kushoto.

Mtoto wa kike alizaliwa saa sita mchana, mkunga akasema wangechelewa kidogo tu wangempoteza mama. Waliporudishwa Mururu, kwa machela ile ile, Emerance alikuwa amekwisha kuieneza hadithi, na katika toleo lake yeye ndiye aliyewaita wabebaji.

Siku iliyofuata Gaudiose alisonga ugali wa muhogo, akapika sombe kwa sambaza. Alipotoka kumwaga maji alimkuta mzee ng'ambo ya minyaa, mahali pake pa siku zote.

"Kwa nini ulimdanganya nyumbakumi kwa ajili yetu?"

Mzee alitazama fimbo yake. "Tulipokuwa tunakimbia kule msituni mke wangu alishindwa kutembea. Wenye mabega walikuwa wengi, kila mmoja alikuwa anakimbiza roho yake."

Huenda ilikuwa kweli. Huenda kulikuwa na jingine nyuma yake, na Emerance angelichimbua siku moja akalipeleka sokoni. Gaudiose alimtazama usoni kwa muda mrefu, kama yeye alivyokuwa akiitazama nyumba. Ndani, mtoto akaanza kulia, na Nzigire akacheka kidogo, kwa sauti, bila kuogopa nani anasikia.

"Bugali inapoa, Mzee," Gaudiose alisema. "Toka hapo kwenye minyaa. Zunguka, upite mlangoni, uingie tule."