Nani Baba wa Nu Metal

...ndio baba, bendi ya Faith No More ndio baba wa nu metal, rock hiyo ya kufoka, na hakuna cha kujadili, anasema kaka yangu, kakaa kwenye kiti cha wateja miguu kaitanua, na mimi nimeinamia fremu ya kuchapia fulana, mkono wa kushoto umeibana mezani isicheze, wa kulia umeshika ule mpira wa kuvutia wino, lakini sivuti, maana mkono ukivuta huku sikio liko kwingine mchoro unatoka na kivuli, na fulana yenye kivuli mteja haichukui, ngoja kwanza, ngoja wanyamaze, ingawa hawa hawana dalili ya kunyamaza, walianza chai ikiwa ya moto na sasa imeota utando, "watu wanafoka na kuimba humo humo," anasema kaka, "kinanda kinalia juu, gitaa linaunguruma chini, besi iko mbele kama ndiyo mwenye nyumba, na hiyo ni miaka ya themanini inaisha, hao kina Korn wenu walikuwa bado wanapangusa makamasi," na binti, aliyekaa kwenye kompyuta akinipa mgongo, anasema bila kugeuka kwamba kuchanganya kila mtu anaweza, kuchanganya siyo kuzaa, "wewe unasikiliza vilivyomo," anamwambia, "mimi nasikiliza vilivyotolewa," wewe, kasema wewe, nimelisikia, nalisubiri kila sentensi yake inapofika pale ambapo jina la mtu hukaa, na kila mara anaruka, tangu kaka ashuke na mabegi yake siku nne sasa mtoto huyu hajamwita yeye neno lolote wala hajaniita mimi, juzi wakati wa kula alitaka kunipitishia chumvi, zamani angepiga kelele mpaka jirani aitike, juzi akainuka, akazunguka meza nzima, akanigusa bega, akaniwekea chumvi mbele, akarudi kukaa, na kaka akasema mtoto ana adabu huyu, adabu gani, nikasema moyoni, huyo anakwepa shimo... "Helmet," anasema binti, "Helmet wanapiga, wanakata, kimya, wanapiga tena, ule ukataji ndio nu metal ilichukua, uondoe uone kama Korn wanaruka, uondoe uone kama kuna shabiki ataruka," na kaka anacheka kile kicheko chake cha puani, Helmet, anasema, wale waliokuwa wakipanda jukwaani wamevaa kama wanakwenda kulipia umeme, na hata mimi nimecheka kidogo, siwezi kusema sikucheka, kaka ni mcheshi, alikuwa mcheshi hata siku ya kuondoka, alituchekesha sote mpaka gari likawaka.

Mwaka mmoja alisema, kazi ya mwaka mmoja ng'ambo, mke wake tumeshamzika, mtoto hajatimiza miaka mitatu, nani wa kumlaumu mtu anayetafuta riziki, mimi simlaumu, au namlaumu lakini si kwa sauti, akaniachia mtoto na sanduku la kanda na akasema bwana mdogo nakuamini, na mwaka ule ukazaa mingine kumi na sita, simu mwanzoni kila Jumapili, kisha sikukuu, kisha kukiwa na msiba, na mtoto akaniita bamdogo kama inavyopaswa, mimi ni mdogo wake baba yake basi ni baba mdogo, hakuna mahali nilidanganya, hata picha ya kaka niliitundika mimi mwenyewe pale juu ya friji na kila asubuhi namwonyesha, baba huyo, msalimie baba, naye anaipungia picha mkono na kuniomba maji, bamdogo maji, bamdogo kiatu kinabana, mpaka siku moja getini shuleni mwalimu akamwambia baba yako kafika, na yeye akaniangalia, akamwangalia mwalimu, akachukua begi lake akasema haya baba twende, tu, hivyo tu, lile "mdogo" likadondoka kama jino la utoto, na mimi nilitembea naye mpaka nyumbani nikiogopa hata kukohoa, nikidhani kesho litarudi, halikurudi, na tangu hapo nikawa baba, baba nisainie, baba hili gitaa mbona nyuzi nne, kwa sababu ni besi mama, hilo ni besi... "Bwana mdogo, sema wewe," kaka ananiita, "wewe si ulikuwepo, mwambie mtoto," na mimi nasema ninabana fremu hapa, msiniingize, nikiinua mkono imeharibika, kweli haiharibiki hivyo, ningeweza kuinua, lakini fremu ni kisingizio kizuri, hakuna anayemlazimisha mtu mwenye wino mkononi kuzungumza.

Mtoto, kaka naye anamwita mtoto tu, mtoto ana adabu, mtoto ana kipaji, mwambie mtoto, hajasema mwanangu hata mara moja, ndiyo maana nasema shimo hili tunalizunguka wote watatu, naye kwenye kompyuta anachora fulana ya bendi yake ya onyesho la Jumamosi, wenzake kwenye bendi wanamwita Mtetemo, na mgongoni mwa fulana kuna ukoo, UKOO WA KELELE kwa herufi kubwa, chini kabisa nu metal kama mtoto mchanga, juu yake mistari inapanda kwa jamaa, Black Sabbath kawaweka BABU, sawa, hapo hatukubishana, Jane's Addiction kawaweka SHANGAZI, anakuja na hereni na marashi nyumba nzima inanukia na kesho yake watoto hawashikiki, Primus MJOMBA, yule mwenye vituko anayepiga besi kana kwamba anafukuza nzi, na Rage Against the Machine kawaandika JIRANI, kwa sababu, anasema, kelele zao mtaa mzima ulisikia lakini mtoto alipozaliwa wao wakafunga dirisha, hapo kaka alipiga paja kwa kucheka, na katikati ya mchoro kuna sanduku limeandikwa BABA, na ndani yake alama ya kuuliza, ndiyo maana ya makelele yote haya tangu asubuhi, na mimi ninayeangalia kutoka hapa kwa pembeni nimeona babu, nimeona shangazi, mjomba, hata jirani, baba mdogo hayupo, mchoro mzima hauna baba mdogo, sijui kasahau au ndiyo shimo lenyewe... neno baba limetamkwa humu ndani leo kuliko siku yoyote, baba ni hawa, baba ni wale, na halijamgusa mtu hata mmoja kati yetu.

"Kanda alikuwa nazo nani?" anasema kaka, "hayo yote unayonifundisha umeyatoa kwenye kanda zangu," na ni kweli, siwezi kukataa, lile sanduku lilikuwa lake, alizirekodi yeye usiku na mchana enzi anakaa kwa rafiki yake mwenye redio ya kaseti mbili, na kwa uvivu wake kanda ya kijani akarekodi Faith No More, nafasi ikabaki, akaendeleza na Helmet humo humo, chini ya jina moja, akaondoka, na sisi huku nyuma, mimi na mtoto, miaka yote tukajua ni bendi moja, tukasema jamani hii bendi, inaanza na kinanda na mtu anaimba kama ana homa, halafu ghafla wanakasirika, kinanda kinatupwa nje, wanaanza kukata kata, tukawapenda kwa hilo, bendi inayoweza yote, tukatunga hata sababu, kwamba mpiga kinanda aligombana nao akaondoka katikati ya kanda, mpaka mtandao ulipofika mtoto akatafuta, akanifuata hapa hapa kwenye wino na simu mkononi, baba ni wawili, akasema, walikuwa watu wawili tofauti muda wote, na akawa na huzuni ya kweli, akala kidogo siku ile, na kaka leo anasimuliwa hayo na anacheka, anasema si mngenipigia simu mkaniuliza, na pale binti akaacha kubofya, sekunde kidogo, kisha akaendelea kubofya.

Ila kimya nilimfundisha mimi, hilo halikuwa kwenye kanda, kwenye kanda kimya kipo lakini huwezi kukihesabu kama hujaonyeshwa, nilikaa naye kwenye meza hii nikigonga kwa kijiko, gonga, gonga, acha, hapa usicheze, hapa ndipo wimbo unapokaa, ukiwahi umeua, naye kila mara anawahi, anauma ulimi, anawahi, mpaka siku aliyoacha kuwahi nikaweka kijiko chini, sasa anamwambia kaka maneno hayo hayo, nasikiliza vilivyotolewa, na kaka anayapenda, anaona yametoka kichwani mwake, anasema mtoto kachukua akili za nyumbani, mimi nasikia wivu, nauita kwa jina lake, wivu, mtu mzima na mvi zangu nimeinamia fulana nikimwonea kaka yangu wivu kwa sababu ya nafasi moja tupu ndani ya sentensi, na sitaki hata mengi, sitaki aondoke, nyumba ni yake pia, nataka tu nijue, kama litakuwa bamdogo basi liwe, lirudi, nitaitika, niliitika zamani na nikaishi, kinachonichosha ni kumwona mtoto anazunguka meza na chumvi mkononi, anapanga maneno yake kama mtu anayevuka matope na viatu vipya, kosa si lake, sisi wawili ndio tumekaa kimya tukamwachia mtoto kazi ya kuamua, wakubwa wazima, na mimi kama mdogo ndiye niliyepaswa kumfungulia mlango kaka, kumwambia binti mbele yake, huyu ndiye, mwite, mimi nipo tu, na kusema hivyo ni rahisi, ni neno moja, watu hulitumia dukani na njiani bila hata kufikiri, na nikilisema mimi kwanza yeye atapumzika, hilo naliona wazi sasa hivi kuliko nilivyoona siku zote nne, sijui kwa nini sasa hivi, labda kwa vile alivyoacha kubofya.

"Haya," anasema binti, "nafunga hii kazi, wenzangu wanataka mchoro leo, Helmet au Faith No More, kwenye hili sanduku naandika nani?" na hajageuka, swali kalielekeza kwenye kioo cha kompyuta, si kwa kaka si kwangu, na kaka kafungua mdomo, na mimi kabla yake, nikiwa bado nimebana fremu, nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama ninayeomba kitambaa cha kufutia, "muulize baba yako."

Likatoka, halikuniua, nimelisikia linavuka chumba, nikaona kaka amekaa wima, mikono kaiweka magotini, uso umemfunguka kama wa mtu anayeitwa jukwaani, na moyo wangu ukanishuka lakini ukashuka mahali penye sakafu, nikasema haya, imekwisha, pumzika mama, na binti bado ananipa mgongo, kidole kiko juu ya kitufe, anasema polepole, bila hasira, kama anayenisahihisha hesabu, "si ndiyo namuuliza."

...namuuliza, kasema namuuliza, na anayeulizwa ni mimi, na hakuna kilichosogea humu ndani, fremu bado nimeibana, kaka bado kakaa pale, ila ameokota kopo la wino lililokuwa karibu naye na anasoma maandishi ya nyuma, anayasoma yote, kwa makini, akiligeuza taratibu mstari unapoisha, na mimi niliyelitamani neno hili siku nne mpaka nikakosa usingizi nimelipata, limekuja lenyewe, mbele yake, na nilidhani nitafurahi, nilidhani nitataka hata kulisikia tena, lakini namwangalia yule pale na kopo lake, aliyenibeba mgongoni nilipokuwa siwezi kutembea, aliyenifundisha gitaa, na ni mara ya kwanza tangu nizaliwe namwona yeye ndiye mdogo, na binti anasubiri, hajabofya, anasema tena, "eh, baba, nani?" na jibu lolote nitakalompa kaka atalisikia.