Igoki na Bahari Inayoondoka

Igoki wa Karurumo alikuwa na miguu mibaya kuliko ya mwanamke yeyote upande huu wa mlima, na aliipenda kama wengine wanavyopenda ng'ombe wao. Nyayo zilikuwa nene, zimepasukapasuka kama gome la mti mkavu. Zilikuwa zimemfikisha pwani mara sita, peke yake: aliteremka na Mto Tana mpaka Kipini, akageuka kusini, bahari mkono wa kushoto, akaufuata ufuo mpaka Mombasa. Kwenda kufanya nini? Mumewe alimuuliza hivyo hivyo. "Kuangalia," akajibu. Mume akafa bila kupata jibu la maana.

Safari ya saba ilikuwa mwaka wa 1954. Kila siku aliyotembea alifunga fundo moja kwenye kamba ya katani. Aliporudi kamba ilikuwa na mafundo tisini na manne, na nyumba yake ilikuwa majivu. Kwa amri ya mkoloni, watu wote walikuwa wameswagwa kama mbuzi ili wasiwalishe wapiganaji wa msituni, wakatiwa ndani ya ua mmoja wenye handaki pande zote na daraja la mbao. Hapo darajani alikuwa amelazwa Njura, mchonga mizinga ya nyuki, kichwa kimefumuliwa kwa risasi, nzi wamemjaa mdomoni. Kila aliyepita alilazimishwa kumtazama.

Homugadi, vijana wenyeji waliopewa bunduki na mkoloni, walimkamata Igoki kabla hajamaliza kumlilia.

"Pasi yako?" akauliza Mbaka, mkubwa wao.

"Mbaka wa Wanjira! Tangu lini unahitaji karatasi ndio unijue? Si mimi niliyekubeba mgongoni ukinikojolea?"

Vijana wakacheka, na kicheko chao kilimponza Igoki. Mbaka alimtwanga mdomoni kwa kitako cha bunduki, meno mawili yakaruka.

Wakampekua, wakaiona kamba.

"Mafundo tisini na manne," akasema Mbaka. "Hizi ni risasi umewapelekea watu wa msituni."

"Ni siku. Nilikuwa baharini."

Wakamlaza kifudifudi, wakamchapa nyayo kwa kiboko. Wa kwanza akachoka, wa pili akachoka. Igoki alipiga mayowe kwa adabu tu, maana nyayo zile hazikuwa zikisikia kitu. Walipogundua wakahamia mgongoni, na hapo mayowe yakawa ya kweli. Ngozi ikachanika vipande vipande.

"Haya," Mbaka akasema akihema. "Bahari ikoje?"

"Maji yake huondoka. Kila siku, mara mbili, huondoka yakaacha mchanga na mawe makali, mtu akapita kwa miguu. Halafu hurudi."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Yanaondoka yanaenda wapi? Sokoni Runyenjes?"

Hata Gitari, karani wa pasi, aliyesoma kuliko wote, alitikisa kichwa kwa huruma. Watu wa huku tunajua maji yanayoteremka tu. Hatujawahi kuyaona yakibadili nia. Mama wa watu akahukumiwa kwa neno moja la kweli.

"Mtupeni handakini," akaamuru Mbaka. "Huko nako bahari imeondoka. Akivuka nitamwamini. Akikwama, atalala na Njura."

Humo ndani mianzi iliyochongwa ilikuwa imepandwa kwa wingi kama mahindi. Ukiinua mguu na kukanyaga, umechomwa. Lakini Igoki alikwisha kupita miamba ya pwani yenye vidude vyeusi vya miiba, na huko mguu hauinuliwi. Unaburutwa, kidole kikitangulia kutafuta nafasi. Akaburuta. Mwanzi ukamchana paja, akaburuta. Akafika ng'ambo.

Mbaka hakuvumilia. Alikimbilia ukingo huo akaanza kumcharaza kichwani kwa kiboko, Igoki akiwa bado chini handakini. Wengine husema Igoki alishika ncha ya kiboko akavuta. Igoki mwenyewe husema aliteleza. Vyovyote vile, Mbaka alikuja kichwa mbele, mwanzi ukamwingia pajani ukatokea upande wa pili.

Kijana mmoja akaruka kumtoa. Mwanzi ukatoboa buti na mguu, akapanda juu akilia kama ndama. Hakuna mwingine aliyejaribu. Igoki alikuwa ameshajivuta juu, amekaa ukingoni anapangusa damu mdomoni.

"Niondoe, mama!" Mbaka akalia. Leo mama!

"Gitari," akasema Igoki, "kile kitabu cha pasi chenye sahihi ya Bwana Shauri, yule mzungu wa wilaya, unacho?"

"Lakini, mama..."

"Mwandikie!" Mbaka akapiga kelele. "Nakufa!"

"Andika Igoki aruhusiwe kupita mpaka baharini. Na Njura azikwe leo. Sasa nisomee." Akasomewa. "Nisomee tena, sikusoma sana mimi."

Damu ya Mbaka ilikuwa imefanya kidimbwi. Igoki akashuka, akaburuta, akaung'oa mguu ule kutoka kwenye mwanzi kwa mlio ambao vijana wale waliuota miaka mingi. Akambeba mgongoni, juu ya vidonda vyake mwenyewe. Mbaka akamkojolea, kama zamani.

Baada ya mwezi, Igoki alitoka na kamba mpya. Mbaka alikuwa darajani, mguu umekauka, fimbo kwapani. Aliitazama pasi kwa muda mrefu.

"Mama," akauliza kwa sauti ya chini, vijana wasisikie, "kweli huondoka?"

"Tembea ukaone," akasema Igoki, akapita.