Mashine Iliyoamshwa

Shemeji yangu anajiita Radi. Hakupewa jina hilo na mtu. Alijibatiza mwenyewe siku alipofungua akaunti ya gemu, akalipenda, na sasa analitumia hata anapopokea simu ya mama yake. "Radi hapa," anasema, na mama yake mzazi anamjibu, "Radi gani? Umekula?" Ana miaka ishirini na sita. Alikuja kwetu kukaa wiki mbili, na wiki hizo mbili zimeingia mwezi wa saba. Kila nikimlalamikia mume wangu, ambaye kazi yake humweka mbali siku tano kati ya saba, ananiambia, "Mvumilie, ni mdogo wangu." Kuvumilia kwa simu ni rahisi sana.

Radi ana somo moja tu: kadi za picha. Kwa asiyejua, kadi ya picha ni kile kipande ndani ya kompyuta kinachochora kila kinachotembea kwenye kioo. Wacheza gemu wanaitaka ili risasi zao ziruke bila kukwama. Mimi naihitaji kwa sababu nasoma madarasa ya jioni, uchoraji wa majengo kwa kompyuta, na bila kadi nzuri huwezi kumwingiza mtu ndani ya jengo ambalo bado halijajengwa. Nimemweleza hilo Radi mara nyingi. Ananisikiliza kama mtu anayesubiri tangazo liishe.

"Shem, yako ni ya hamsini," aliniambia siku ya kwanza aliyoiona laptop yangu. Alisema hamsini, namba ya toleo la kadi, kwa sauti ya daktari mwenye majibu mabaya. "Yangu ni ya sabini. Sabini! Hiyo yako ni ya kufungulia barua pepe."

"Inanichorea nyumba."

"Nyumba hazikimbii, shem."

Akanionyesha jedwali alilolitengeneza mwenyewe, lenye rangi: kadi hii fremu tisini, yaani picha tisini kwa sekunde, kadi ile mia na kumi, na ya kwangu chini kabisa, kwenye mstari wa kijivu. Mtu huyu hajawahi kukumbuka siku ya kutoa takataka, lakini alijua kwa kichwa gemu ipi inatoa fremu ngapi kwenye kadi ipi.

"Halafu hiyo hamsini yako imelala," akaongeza. "Kiwandani wanazilaza makusudi. Mjanja anaiamsha."

Kuamsha ndilo neno lao, yeye na wenzake anaozungumza nao kwenye vipokea sauti. Maana yake ni kuipandisha kadi kasi kupita kipimo ilichotoka nacho kiwandani. Wanalitamka kama watu wanaofufua wafu. Mashine yake mwenyewe aliiamsha, akaipigia kelele za ushindi kwa miezi mitatu, kisha siku moja ikazimika katikati ya vita na haikuwaka tena. Kwetu alisema iko kwa fundi "inafanyiwa huduma". Tangu hapo anazunguka nyumbani mikono mitupu, kama bondia aliyesahau njia ya ulingoni.

Kazi yangu ya mwisho darasani ilikuwa kuchora kliniki ya watoto na kutoa filamu fupi ya mtu anayeitembelea. Ilitakiwa Alhamisi, saa kumi na mbili jioni. Si mwalimu peke yake ambaye angeitazama. Mama mwenye ofisi ya kuchora ramani angekuja, na katika wanafunzi kumi na wanne angemchukua mmoja akafanye naye kazi. Mmoja tu. Nilikuwa nimeshachagua gauni. Nilikuwa nimeshazungumza na jirani kuhusu mtoto. Usiniulize ujasiri huo niliutoa wapi.

Jumatano mchana michoro ilikuwa imekamilika. Kilichobaki ni kuipa mashine kazi ya kutoa filamu, picha moja baada ya nyingine, picha elfu moja na mia mbili. Niliacha laptop mezani nikaenda kumwogesha binti yangu. Ana mwaka na nusu na anaamini kwamba maji ya beseni ni mali yake na hayatakiwi kumwagwa. Tulijadiliana. Niliporudi, naye amefungwa taulo hadi puani, meza ilikuwa tupu.

Radi alikuwa kitandani kwangu. Laptop ilikuwa mbele yake, juu ya blanketi la mtoto, lile la manjano. Feni ilikuwa inalia kama nyuki waliochokozwa.

"Usiogope, shem," akasema bila kugeuka. "Nimeiamsha. Nilitaka kukufanyia sapraizi. Umeona fremu hizo?"

Nilichokiona ni mistari ya zambarau inayokata kioo kutoka juu hadi chini. Askari wake wa gemu wakageuka vipande vya mraba, kioo kikaganda, kikawa cheusi. Feni ikanyamaza. Chumba kilinuka plastiki ya moto.

"Umefanya nini?"

"Itarudi. Huwa zinafanya hivyo mara ya kwanza, inazoea."

"Yako ilizoea?"

Akajikuna shingo. "Yangu ilikuwa na kasoro ya kiwandani."

Niliiwasha. Ikafika kwenye picha ya mwanzo, ikachora ile mistari, ikazimika. Nikaiwasha tena, vilevile. Sikumpigia kelele, kwa kuwa mtoto alikuwa mikononi na hapendi sauti za juu. Nilimvalisha, nikamfunga mgongoni, nikachukua mashine na chaja nikatoka. Nyuma yangu nikamsikia anasema, "Mwambie fundi aangalie volteji," kama vile anamtuma msaidizi wake.

Fundi yupo karibu na duka la dawa, kwenye chumba chembamba chenye meza moja na taa inayopinda shingo. Ni mwanamke mwenye umri wa shangazi yangu, miwani iko juu ya paji la uso, na hana subira na mtu yeyote. Nilimweleza. Niliposema neno "ameiamsha" alifumba macho.

"Kila wiki naletewa zilizoamshwa," akasema. "Wao wanaziamsha, mimi nazizika. Ona."

Akaelekeza bisibisi kwenye rafu ya juu. Kulikuwa na laptop tano zilizofumuliwa. Ya katikati, nene, nyeusi, ilikuwa na stika ya radi mgongoni.

"Hiyo ni ya shemeji yangu," nikasema.

"Huyo? Pole. Nilimwambia mwezi uliopita kwamba ubao umeungua. Kadi ya laptop haichomolewi kama taa, mwanangu, imechomelewa kwenye ubao mama. Ikifa, inazikwa na ubao wake. Akanijibu kwamba sabini haiwezi kufa."

"Anasema ya kwangu ni dhaifu."

Fundi alicheka kwa pua. "Anasoma namba kwenye boksi, huyo. Sabini ya kwenye laptop na sabini ya kwenye kompyuta ya mezani ni watu waliopewa jina moja, basi, hata undugu hawana. Na laptop na laptop pia hazilingani. Yake imeandikwa sabini, lakini waliomtengenezea wanailisha wati sitini. Yako ni hamsini inayolishwa wati tisini na tano. Hapo mwenye njaa ni nani? Mkizishindanisha hampishani sana. Lakini hilo haliwekwi kwenye stika."

Mwenzenu nilifurahi. Nilifurahi vibaya, kwa dakika nzima, nikiwa nimesimama na mashine mbovu. Nikawa najipangia nitakavyomrushia maneno hayo mezani wakati wa chakula.

Kisha fundi akafungua mfuniko wa chini, akachukua kibanio, akavuta kitu kutoka kwenye njia ya hewa. Kilitoka kirefu na laini, kimebanwa kama kitambaa cha kufuma. Cha manjano.

"Na hii nayo ni ya shemeji?" akauliza.

Nyumba yetu ina vyumba viwili, na mtoto wangu ana usingizi mwepesi kama karatasi. Feni inamwamsha. Kwa hiyo tangu Januari, kila alipolala mchana, mimi nilikuwa naitandikia laptop blanketi lake, nakunja mara nne, na kelele zinapungua. Nilijiona mwerevu. Radi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alikuwa amefuata utaratibu wa nyumba.

"Ni yangu," nikasema.

"Miezi mingapi?"

"Sita."

"Umeinyonga miezi sita, yeye akaja akaikimbiza mbio. Mnafaa kuishi pamoja." Lakini alinivutia kiti, na binti yangu naye akapewa kifuniko cha chaja achezee. Hakulainika zaidi ya hapo.

Alifanya kazi mpaka jua likaanza kuingia chini ya mlango. Alisafisha feni, akabadilisha dawa ya kupitisha joto, akaiwasha kwa ile njia ya dharura ambayo haiamshi kadi, akafuta programu ya Radi. Ile programu ilikuwa imejiwekea kuipandisha kadi kasi kila mashine inapowaka. Ndiyo maana ilikuwa inakufa mlangoni. Mistari ilipungua lakini haikuisha. Fundi akashusha kasi chini ya kipimo cha kiwandani. Akashusha tena. Mistari ikaondoka.

"Imeumia," akasema. "Ikitembea, itafika. Ukiikimbiza tena, usije kwangu, nenda moja kwa moja ukaichimbie kaburi."

Alhamisi saa tatu kamili asubuhi niliiweka mezani, juu ya ubao wa kukatia mboga, vitabu viwili vikiinua nyuma ili ipumue, nikaanzisha kazi. Saa tatu na nusu nikahesabu: picha hamsini na sita. Nikachukua kalamu. Kwa mwendo huo filamu ingekwisha karibu saa mbili usiku, wakati yule mama wa ofisi ameshamchagua mtu wake na ameshavua viatu nyumbani kwake.

Radi alitoka chumbani akipiga miayo, akasoma karatasi yangu kupitia begani.

"Fundi ameishusha? Ameishusha chini ya kiwandani?" Alisikitika kweli, kuliko alivyosikitika siku iliyopita. "Shem, hiyo ni aibu. Nipe dakika tano. Asilimia thelathini tu, utamaliza saa kumi na moja na nusu."

Na niseme ukweli: nilimwangalia. Mkono wangu uliondoka kwenye meza. Asilimia thelathini ni kitu gani? Nilikuwa na gauni limepigwa pasi. Ndani ya hiyo sekunde sikuwa na tofauti yoyote na yeye, ila mimi nilikuwa nimeoga.

"Ungekuwa na sabini," akaendelea, amejisahau, "ungekuwa umeshamaliza zamani."

"Wewe ulikuwa nayo sabini," nikamwambia. "Umemaliza nini nayo?"

Niliona anapitia jedwali lake lote kichwani, mstari kwa mstari, fremu zote, na hakuna kitu alichokipata. Akaenda kuchemsha maji ya chai, na hata hayo akayasahau jikoni.

Nikarudi kwenye filamu yangu, nikaitazama kwa jicho nililokuwa nalo bado, lile la kumtazamia Radi. Picha mia nne za mwanzo zilikuwa za nje. Kamera inaruka juu ya paa, inazunguka kama tai, jua linametameta kwenye vioo, majani yanapepea. Mgonjwa hata mmoja hayumo. Niliziweka ili watu waseme "lo!" Wiki mbili nilikuwa nimetumia kwenye majani. Na mimi ndiye niliyekuwa nacheka jedwali la mtu!

Nilizifuta zote mia nne, hata zile hamsini na sita zilizokwisha kutoka. Zikabaki mia nane za ndani. Nikaanzisha upya, mashine ikaendelea na mwendo wake wa mjamzito, na mtoto alipolala mchana nilimpeleka chumba cha pili nikafunga mlango. Nilikuwa nakwenda kwake na kurudi mezani, nagusa shavu moja, nagusa ubavu wa laptop, vyote vina joto la kawaida. Picha ya mwisho ilitoka saa kumi na dakika hamsini na tano.

Darasani kazi saba zilitangulia yangu. Saba, na zote zilianza angani. Mapaa, mapaa, mapaa. Mwenye ofisi ya ramani alikaa nyuma na mkoba mapajani, na kufikia la tano alikuwa anaangalia kucha zake. Ya kwangu ilianza mlangoni, kwenye kimo cha mtu, bila jua, bila jani. Kamera ikaingia, ikapita kwenye mizani ya watoto, ikageuka taratibu kwenye ukumbi wa kusubiri. Mwanafunzi mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Ameishiwa na kadi."

"Simamisha hapo," yule mama akasema. "Dada, wenzako wote wametuonyesha paa. Lako liko wapi?"

"Lipo, mama. Nimelitoa kwenye filamu."

"Kwa nini?"

"Mashine yangu haikuwa na nguvu ya kufanya yote. Nikachagua pale mtoto atakapokaa."

Alivaa miwani. "Na mlango huu mbona mpana hivi? Vipimo vya kawaida huvijui?"

"Navijua. Huo ni wa kupita mama mwenye mtoto mgongoni, mwingine mkononi, na mfuko. Nimeupima mwenyewe, nikiwa naye mgongoni."

Hakutabasamu. Alinitazama vile wanavyotazama watu ambao wamechoka kuonyeshwa vitu vinavyometa, halafu akafungua mkoba akatoa daftari.

"Endelea," akasema. "Tembea polepole hivyohivyo. Nataka kuona choo umekiweka wapi."