Kopo la Kazija

Kabla ya kengele ya asubuhi, Mwalimu Asya alitoa dawati kibarazani pa skuli, njia ya Chokocho, akashika kipande cha chaki na kuanza kufungua vyakula vya watoto. Muhogo wa nazi, chaki. Maandazi, chaki. Wali wa jana na dagaa aliupekua kwa kijiko kwanza, kisha chaki. Alama ile juu ya kifuniko ilikuwa na maana moja: humu hamna pweza.

Aliyekuwa akilindwa ni Suhaib wa darasa la tatu. Zamani kidogo watoto walikuwa bado wanakula kama walivyolelewa. Kila mmoja alimimina cha kwao kwenye sinia moja kubwa, wakalizunguka, na hakuna aliyeuliza nani kaleta nini. Siku moja mchuzi wa pweza ukagusa muhogo, Suhaib akala muhogo, midomo ikamuumuka kama maandazi na pumzi zikaanza kumwishia. Bodaboda ikamfikisha hospitali, akapona, alhamdulillahi. Mwalimu mkuu, Maalim Hamad, akalifungia sinia stoo na kutoa amri: kila mtoto ale chake, asipe wala asipewe.

Amri ilikuwa na maana yake. Hakuna aliyetaka kuzika mtoto kwa sababu ya tonge.

Zamu ikamfikia Kazija, anayekaa dawati moja na Suhaib. Alikuwa na kopo la siagi lililofungwa kwa mpira. Mwalimu Asya alipolifungua mvuke ukapanda, na harufu ya pweza wa nazi, aliyekolea ndimu na pilipili mbichi, ikajaa kibarazani hata paka wa skuli akaja kuulizia. Ndani ya kopo hamkuwa na kitu. Lilikuwa limeoshwa na kukaushwa vizuri.

Nyuma yao Suhaib akaanza kujikuna mdomo.

"Hili halipiti," alisema Mwalimu Asya, akalifunika haraka.

"Mamangu ndiye alonitilia," alisema Kazija.

Mama yake, Bi Mwanawema, hushuka mwambani maji yakishakupwa, na kijiti chake, kuchokoa pweza. Wote huishia kwenye kapu la mchuuzi, nyumbani ukaingia unga wa uji wa jioni. Kinachobaki mikononi ni harufu, na hiyo ndiyo aliyokuwa akimtilia mwanawe kila asubuhi. Wakati wa sinia haikuwa shida. Kazija aliinamisha kopo lake kama wenzake, upepo ukaichukua harufu, naye akanyoosha mkono akala akashiba. Sinia lilimsitiri mwaka mzima.

Maalim Hamad alimwita mama mtu. Alikuja na kanga iliyolowa mpaka magotini.

"Bi Mwanawema, kopo la mwanao lanukia pweza."

"Lakini halina kitu, Maalim."

"Hilo tumeliona. Ila lanukia, na hapa pana mtoto anaweza kutufia. Twakuomba umtilie kitu chengine."

Bi Mwanawema alivitazama viganja vyake.

"Mie n'na harufu hiyo tu. Lakini ntatafuta. Mtoto wa mwenzangu asidhurike."

"Muhogo utaweza?"

"Muhogo ntaweza. Jirani hupika, harufu yake hutufikia."

Maalim Hamad alimshukuru kwa dhati na kumsindikiza hadi getini, maana si mtu mbaya. Mwalimu Asya alikuwa na neno la kusema. Roho ilimuuma, lakini kengele ikalia, akaingia darasani.

Kesho yake kopo lilinukia muhogo wa nazi, wenye chumvi ya kiasi. Mwalimu Asya alipitisha kijiko ndani, kama amri inavyotaka, hakuona cha kumdhuru mtu, akapiga chaki.

Wakati wa mapumziko watoto walikaa mbalimbali, kila mmoja na chake mapajani. Suhaib alikata kipande cha chapati akamnyooshea Kazija.

"Suhaib!" aliita Mwalimu Asya. "Kila mtoto chake."

Suhaib akaurudisha mkono. Kazija akatoa mpira, akafungua kifuniko.

"Karibuni," aliwaambia wenzake, kama alivyofunzwa kwao.

"Starehe," wakamjibu.

Akasema bismillahi, akainamia mvuke na kula polepole, akijilamba vidole. Alipofika kati akafunika kopo, akaukaza mpira pande zote mbili.

"Mbona humalizi?" aliuliza Mwalimu Asya.

"Nambakizia Ishak, mdogo wangu," alisema Kazija. "Naye hajala tangu jana."