Aproni ya Bibi wa Guoguo

Asubuhi ile Rozanne Jaftha alipokea zawadi getini, akaivaa hapohapo, na hadi wakati wa chakula cha mchana alikuwa ameshaitangazia shule nzima jambo ambalo hakuwa amemwambia hata mumewe. Tusimlaumu. Nani angedhani aproni ina mdomo?

Na ilikuwa aproni nzuri, jamani. Rangi ya majivu, kitambaa kinametameta kidogo, utepe wa kufungia nyuma, na mfuko wenye picha ya sungura kifuani. Bibi wa Guoguo aliegesha pikipiki yake ya umeme, akamshusha mjukuu, akaitoa aproni kwenye mfuko na kumkabidhi Rozanne kwa mikono miwili. Alisema maneno mengi, tena mbiombio, kwa Kichina cha lafudhi ya mji wa Zhuzhou ambayo hata mtu wa Beijing angeomba arudiwe. Rozanne aliambulia "vaa" na "kila siku".

Basi akavaa. Mwalimu wa chekechea anamwagiwa rangi, anamwagiwa uji, anafutiwa makamasi kwenye sketi; akipewa aproni haulizi mara mbili.

"Asante sana, Bibi."

"Usiivue!" Bibi alimnyooshea kidole. "Na maji ya baridi, acha!"

Kuanzia hapo siku ikaanza kwenda kombo. Mzee Deng wa getini, ambaye hajawahi kumwinukia mtu isipokuwa mkuu wa shule, aliinuka na kumfungulia geti lote wakati upande mmoja ungetosha. Mpishi alimwongezea yai la pili kwenye uji, akamkonyeza. Mkuu wa shule mwenyewe, Madam Long, mwanamke anayesalimia kwa kidevu, alimshika kiwiko na kumteremsha ngazi taratibu, kana kwamba Rozanne ni jagi la kioo. Rozanne alidhani labda ni sikukuu fulani ya walimu ambayo hakuna aliyemwambia. Miaka minne katika nchi hii ilikuwa imemfundisha kwamba ukiona watu wanafurahi, tabasamu kwanza, utauliza baadaye.

Ukweli ni kwamba alikuwa na mimba ya miezi mitatu, na aliificha kama mtu anavyoficha kitu cha wizi. Zilizotangulia zilikuwa mbili na zote zilitoka. Ile ya pili ndiyo iliyomvunja. Walikuwa bado kwao Paarl, Afrika Kusini, na Merwin, mumewe, alikuwa ameshapaka chumba cha mtoto rangi ya njano, ameshanunua kitanda, ameshasimama kanisani na kuwaambia watu wote hadi wanakwaya wakapiga vigelegele. Kisha wakarudi kutoka hospitalini mikono mitupu, na chumba kikabaki njano. Safari hii Rozanne alikuwa ameapa: hakuna atakayefurahi kabla ya yeye kuacha kuogopa. Siku hiyo ikifika atamketisha Merwin na kumwambia kwa mdomo wake mwenyewe, polepole, ili asilipuke kwa furaha. Tatizo ni kwamba siku yenyewe ilikuwa haifiki.

Kwa hiyo alikuwa anafanya mazoezi. Kila mchana watoto walilazwa chumba cha ndani, mapazia yakashushwa, na Mwalimu Peng, mwenzake wa darasa, akajinyoosha kwenye kitanda cha kukunja pamoja nao, kwa sababu usingizi wa mchana hapa ni ibada. Rozanne hakuwahi kuuzoea. Alibaki peke yake chumba cha nje, katikati ya vile viti vidogo. Huko ndiko alikotapikia ndoo ya kalamu za rangi. Huko ndiko alikoshika tumbo na kuliombea. Na huko ndiko alikovuta kiti kimoja chekundu, akakiita Merwin, akawa anazungumza nacho kwa lugha ya kwao. "Merwin, nina jambo. Usisimame. Usipige simu kwa mama yako." Kiti kilikuwa msikilizaji mzuri kuliko mwenye jina.

Siku ile, watoto walipokwisha kulala, Mwalimu Peng hakwenda kujinyoosha. Alisimama mlangoni akiwa ameshika soksi ya mtoto, uso umemjaa kicheko.

"Hongera, dada. Mimi nilikuwa nangoja tu uniambie."

"Hongera ya nini?"

"Unaniuliza mimi? Si umevaa mwenyewe!"

"Nimevaa aproni, Peng."

Peng aliziba mdomo kwa ile soksi asiwaamshe watoto. "Maskini! Bibi hakukwambia? Hiyo ni ya wajawazito. Inakinga mionzi ya simu na kompyuta. Kila mwenye mimba mjini anayo. Ukiivaa hiyo, hata foleni ya benki inakupisha."

Rozanne alitazama chini, kwenye kile kitambaa kinachometameta, yule sungura akimwangalia. Geti. Jiko. Ngazi. Madam Long na kiwiko. Alipeleka mikono nyuma kufungua utepe, lakini fundo likazidi kukaza.

"Sina mimba," alisema. Uongo mwingine unatoka tu, hauombi ruhusa.

"Sawa," alisema Peng kwa upole. "Lakini wazazi wote wanajua."

"Wanajuaje? Nani kawaambia?"

Peng alielekeza kidevu darini. Juu ya ubao kulikuwa na kitu cheupe, cha duara, kinachotosha kiganja. Rozanne alikuwa amekiona tangu siku ya kwanza.

"Kile ni cha kutambua moshi," alisema.

"Cha moshi ni kile cha pembeni. Hiki ni kamera."

"Kamera ya nini?"

"Ya wazazi! Wanawaangalia watoto wao kwenye simu. Wewe ulidhani Bibi wa Guoguo anajuaje kwamba Guoguo kamtupia mwenzake karoti zake?"

Rozanne alikuwa anadhani Guoguo ni mtoto mkweli. Alivuta kiti, akaona ni kile chekundu, akakiacha, akabaki amesimama.

"Na mchana huu, watoto wakiwa wamelala?" aliuliza. "Mchana hakuna anayeangalia. Ataangalia nini?"

"Mchana ndiyo wanaangalia sana! Mabibi wameshaosha vyombo, wamejilaza, wanafungua simu wawaone wajukuu. Lakini huko ndani ni giza, hakuonekani kitu. Basi wanakuangalia wewe." Peng alicheka, kisha akaona uso wa mwenzake na kicheko kikamkauka. "Wanakupenda, dada. Bibi wa Guoguo anasema siku hizi hana haja ya tamthilia. Walipoona unatapika walielewa siku ileile. Lakini kwetu mimba haitajwi kabla ya miezi mitatu, ina mwiko, kwa hiyo wakakatazana kwenye kundi lao la simu: asiguse mtu, asiulize mtu. Mzee mmoja alitaka kukuletea machungwa, wakamgombeza. Jana ndiyo wakasema sasa tayari, wakachanga."

Aibu ilimjaa Rozanne. Akawaona mabibi wote wa darasa lake wamelala chali kwenye makochi yao, simu juu ya pua, wakimtazama anavyotapika, anavyolia, anavyofuta pua kwa karatasi ya kuchorea, anavyobishana na kiti. Alitaka kuwachukia. Alijaribu kweli kweli. Lakini hasira yake ilikuwa haijapata hata pa kukaa alipokumbuka jambo lingine, na hilo lilimfanya ashike meza.

Merwin.

Merwin alikuwa anafundisha darasa la wakubwa, ghorofa ya juu. Mpishi yuleyule, ngazi zilezile. Kama kuna mtu aliyekwisha kumpa mkono wa hongera, basi miezi yote hii ya kuficha imekwenda na maji, na mumewe amesikia habari ya mtoto wake kwa mpishi.

"Peng, ile kamera ina sauti?"

"Ina. Lakini usijali, nani anaelewa lugha yenu?"

Rozanne hakusubiri. Alipanda ngazi na ndara zake za darasani, aproni ikimchezea magotini, huku akipanga la kusema. Akiwa bado hajaambiwa, nitamwambia. Akiwa ameshaambiwa, nitapiga magoti.

Mlango wa Merwin ulikuwa umeegeshwa. Wanafunzi wake walikuwa wamelala chumba cha ndani, na yeye alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo mno kwa mwili wake, mgongo kwa mlango, amekodolea simu. Hakumsikia mkewe akiingia. Rozanne alifungua mdomo amwite, na ndipo alipoona kilichokuwa kwenye simu.

Lilikuwa darasa lake. Lilionekana kutoka juu, dogo, lenye rangi zote. Mwalimu Peng alikuwa amesimama katikati na soksi mkononi. Pembeni yake kilikuwa kile kiti chekundu, na hakikuwa na mtu.

"Merwin."

Simu ilimtoka mkononi ikaanguka sakafuni. Alipogeuka, macho yake yalikwenda kwanza kwenye aproni, kisha usoni kwa mkewe, na hakushangaa hata kidogo. Hilo ndilo lililomtisha Rozanne kuliko yote. Mtu aliyesikia habari leo angeshangaa.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Roz, kaa kwanza."

"Nimekuuliza, wewe mwanamume. Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kutapika." Merwin alisugua viganja kwenye suruali. "Dada yake Guoguo yuko darasani kwangu. Mama yao alinijia akaniambia mkeo anaumwa, mpeleke hospitali, akaniwekea hiyo kamera kwenye simu nione mwenyewe. Nikasema nitaangalia siku moja tu."

"Halafu?"

"Halafu kesho yake nikakukuta unaniambia mimi. Pale kwenye kiti. Nikangoja uje uniambie nyumbani. Hukuja. Kesho yake nikaangalia tena."

"Ulikuwa unanipeleleza! Mabibi wa watu nawaelewa, wanaangalia wajukuu wao. Wewe ulikuwa unaangalia nini?"

"Wewe," alisema Merwin. "Sina kingine cha kuangalia."

Rozanne alikuwa na maneno makali yameshajipanga, na yangetoka, kama si neno moja lililompita kichwani: sauti. Mabibi walikuwa wanaona tu. Merwin alikuwa anaona na anaelewa. Akaikumbuka ile siku ya mvua, alipokuwa amechoka na kutapika na kuogopa, akakitazama kile kiti akakiambia jambo ambalo asingemwambia mwenye jina hata kwa kushikiwa kisu. *Ulifurahi mno, Merwin. Ulimfurahia yule mtoto hadi ukamuua.*

Alishika ukingo wa meza ya watoto, akaketi juu yake.

"Ulisikia yote?"

"Yote."

"Na lile?"

Merwin alitikisa kichwa kukubali. "Na lile."

Huko ndani mtoto mmoja alikohoa, akageuka, akanyamaza. Rozanne alingoja mumewe apandishe sauti. Angependa apandishe sauti. Alikuwa anastahili kugombezwa na alikuwa tayari.

"Kwa hiyo safari hii sikufurahi," alisema Merwin. Alikuwa anazungumza chini chini, anatazama mikono yake. "Nimejizuia, Roz. Ukitapika nyumbani naongeza sauti ya televisheni usijue kwamba nimesikia. Sijamwambia mama. Sijanunua hata soksi. Juzi nilipita pale dukani kwenye vitanda vya watoto nikavuka barabara. Lakini sitakudanganya. Mara chache nimeshindwa. Nafunga mlango wa choo cha huku juu, nafungua bomba, halafu ndiyo nafurahi. Kidogo tu. Nisamehe. Nikitoka hapo naogopa siku nzima kwamba nimeshamdhuru."

Rozanne alikuwa ameshashtuka mara nyingi siku ile, akadhani mshtuko umemwishia. Haukuwa umeisha. Mwanamume huyu mzima alikuwa anaomba msamaha kwa kumfurahia mwanawe. Tena hakuwa anamsuta, hakuwa anamrudishia maneno yake amchome nayo. Aliyaamini. Wiki hizi zote alikuwa analala ubavuni mwake akiamini kwamba alimuua mtoto wao kwa rangi ya njano na vigelegele vya wanakwaya, na mwenye kumwaminisha hivyo ni yeye, mkewe, akizungumza na kiti.

"Si kweli," alisema. "Merwin, si kweli. Daktari alisema hakuna aliyekosa. Nilitaka tu awepo wa kulaumiwa. Nilikuwa na hasira, na ulikuwa hupo."

"Nilikuwepo," alisema Merwin.

Rozanne akalia, bila kujificha, kamera au si kamera.

"Una hakika?" aliuliza Merwin. Aliuliza kama wanafunzi wake wanavyouliza kama mbwa aliyechorwa anauma. "Una hakika si mimi?"

"Si wewe. Naapa si wewe."

Alimshika mkono, mkono mkubwa uliojaa chaki, akauweka juu ya tumbo, hapo chini ya sungura, na kile kitambaa cha mabibi kikakunjamana kati ya vidole vyao.

"Furahi," alimwambia. "Mimi bado naogopa. Wewe furahi."

Merwin alitazama darini, kwenye kile cheupe cha duara cha darasa lake, kisha akautazama mlango ulioachwa wazi na ukumbi unaokwenda chooni, na mwili wake ukaanza kuinuka wenyewe kutoka kwenye kiti. Rozanne hakuuachia mkono wake. Alinyoosha mguu, akausukuma mlango kwa ndara mpaka ukafungika.

"Hapahapa," alisema.